Arosto: Mwili Unapodai Ulichouzoesha



Katika ziara zetu kwenye jumuiya ndogo ndogo tunaulizwa swali moja mara kwa mara: "Huyu kijana wetu akiwa na dawa zake anatembea, anaongea, hata anacheka. Akizikosa siku moja tu anakuwa mgonjwa wa kulazwa. Ni ugonjwa gani huo?" Wengine husema amerogwa. Wengine husema ni majini. Na wengine husema ni uongo mtupu, ati anajifanya ili apewe shilingi mia mbili akanunue kete.

Si uchawi wala si kujifanya. Ni jambo linalojulikana na madaktari, lina mwanzo wake, kilele chake na mwisho wake. Vijana wa Mombasa na Malindi wanaliita arosto. Tunaandika juu yake kwa sababu familia ikiielewa arosto inaweza kumsaidia mtu wake kuivuka. Isipoielewa inaweza kumpoteza, tena kwa nia njema kabisa.

KWANZA, DAWA HIZI NI ZIPI?

Tuanze na jamii ya kasumba. Wazee wanalijua neno hilo. Siku hizi tunalitumia tukisema "kasumba ya kikoloni," lakini maana yake ya asili ni utomvu wa mmea fulani, ambao pia huitwa afyuni. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mjerumani mmoja mtengeneza madawa, Friedrich Sertürner, aliitoa mofini kutoka kwenye utomvu huo. Mofini ni dawa kubwa ya maumivu mpaka leo. Kutoka kwenye mofini ikatengenezwa heroini, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuiuza kama dawa ya kikohozi. Heroini hiyo ndiyo inayoitwa "unga" mitaani kwetu.

Katika ukoo huo huo wamo kodini, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kikohozi na vidonge vya maumivu, pamoja na tramadoli, pethidini na methadoni. Kwa hivyo yule kijana wa maskani na yule mwendesha boda boda aliyevunjika mguu akapewa tramadoli kwa miezi wanatumia vitu vya ukoo mmoja. Nguvu si sawa, lakini mwili unavipokea kwa mlango mmoja.

KWA NINI MWILI UNAUMWA DAWA IKIKOSEKANA?

Hebu fikiria mlango unaosukumwa na watu wawili, mmoja nje na mwingine ndani. Wote wakisukuma kwa nguvu sawa mlango hautikisiki. Yule wa nje akiondoka ghafla, mlango unafunguka kwa kishindo na wa ndani anaanguka kifudifudi.

Dawa za jamii ya kasumba zinasukuma upande mmoja. Zinatuliza maumivu, zinaleta usingizi, zinapunguza kasi ya pumzi, zinafunga choo na kufanya mboni ya jicho iwe ndogo kama ncha ya sindano. Mwili haukubali kusukumwa hivyo kila siku. Taratibu nao unaanza kusukuma upande wa pili ili kazi zake ziendelee. Ndiyo maana mtumiaji anahitaji kuongeza kipimo. Kilichomtosha mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu hakimtoshi.

Siku dawa ikikosekana, mwili bado unasukuma, lakini hakuna tena anayeuzuia. Kila kitu kinageuka kinyume. Dawa ilifunga choo, sasa anaharisha. Ilikausha, sasa macho na pua zinatiririka. Ilileta usingizi, sasa hawezi kufumba jicho usiku kucha. Mboni iliyokuwa ndogo inakuwa kubwa. Dawa iliyoficha maumivu imeondoka, basi kila mfupa unauma. Ukilijua hili moja, dalili zote za arosto hazitakushangaza.

DALILI ZAKE NA SIKU ZAKE

Kwa mtu wa unga, arosto huanza baada ya muda wa saa 8 hadi 12 tangu alipotumia mara ya mwisho. Mwanzo wake unafanana na mafua makali: miayo mfululizo, machozi, makamasi, jasho na wasiwasi. Baadaye ngozi inasimama vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, mara anasikia baridi, mara joto. Tumbo linasokota, anatapika, anaharisha. Miguu haitulii, anarusha mateke hata akiwa amelala. Moyo unaenda mbio.

Kilele ni siku ya pili na ya tatu. Hapo ndipo wengi hushindwa na kurudi maskani. Akivuka siku hizo dalili zinaanza kupungua, na kufikia siku ya saba au ya kumi mwili unakuwa umetulia kwa kiasi kikubwa. Dawa inayokaa mwilini kwa muda mrefu, kama methadoni, arosto yake huchelewa kuanza lakini pia huchelewa kuisha.

Tafadhali msifikiri kwamba siku ya kumi amepona. Mwili umetulia, lakini akili bado. Kukosa usingizi, huzuni, uchovu na hamu ya dawa vinaweza kuendelea kwa wiki nyingi, hata miezi. Mzazi anasema, "Si umeshapona wewe, mbona hutafuti kazi?" Kumbe mwanawe ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

JE, AROSTO INAUA?

Arosto ya unga kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haiui, ingawa yeye mwenyewe atakuambia anakufa. Hatari yake ni kupungukiwa na maji kwa kutapika na kuharisha. Mtu aliyefungiwa chumbani au selo bila maji wala huduma anaweza kufa kwa njia hiyo.

Hatari kubwa zaidi inakuja BAADA ya arosto. Yule aliyeacha kwa wiki mbili, awe nyumbani, gerezani au kituoni, mwili wake umesahau kile kipimo kikubwa. Akirudi maskani na kupiga kipimo chake cha zamani, pumzi inasimama. Ndiyo maana baadhi ya vijana wetu wanakufa siku chache tu baada ya kutoka jela. Watu husema "amewekewa sumu," na kumbe ni kipimo kile kile alichokizoea. Kila familia inayopokea kijana kutoka gerezani au kituoni inapaswa kulijua jambo hili, na kijana mwenyewe aambiwe wazi bila kuonewa haya.

Ukimkuta mtu amelala hasikii akiitwa, pumzi ni za mbali mbali au anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi na mboni ni ndogo sana, huyo amezidisha. Mlaze kwa ubavu, ita msaada, mkimbize hospitali. Kama pumzi zimekatika, mpulizie mdomo kwa mdomo. Usimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, atapaliwa. Iko dawa ya sindano inayoitwa naloksoni ambayo humwamsha kwa dakika chache. Hata akiamka asiachwe peke yake, maanake nguvu ya naloksoni huisha mapema, na unga ukiwa bado mwilini anaweza kuzama tena.

POMBE NI TOFAUTI, TENA NI HATARI ZAIDI

Hapa tunaomba msome polepole. Watu wengi wanaogopa unga na kuidharau pombe. Lakini kwa upande wa kuacha ghafla, pombe ndiyo inayoua.

Mnamfahamu mlevi anayetetemeka mikono asubuhi mpaka "atoe loki" kwa kikombe cha chang'aa. Kule kutetemeka ndiko arosto ya pombe. Huanza saa chache tu baada ya kikombe cha mwisho, pamoja na jasho, kichefuchefu na wasiwasi. Kwa aliyekunywa sana kwa miaka, ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupatwa na degedege kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa kabisa: anaona wadudu ukutani, anaongea na watu wasiokuwapo, ana homa, moyo unakimbia. Wengi hudhani ni pepo. Hali hii isipotibiwa hospitali inaua.

Kwa hivyo, mume anayekunywa kutwa kucha akiamua kuacha, au familia ikiamua kumfungia ndani "mpaka imtoke," huo ni mchezo wa kifo. Apelekwe hospitali. Huko atapewa dawa ya kuzuia degedege kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi hupungukiwa nayo na kukosekana kwake huharibu ubongo.

Vidonge vya usingizi na wasiwasi, kama Valium na vile ambavyo vijana wa Pwani wanaviita bugizi, vinafanana na pombe kwa jambo hili. Aliyevimeza kila siku kwa miezi asiviache kwa siku moja, kwani naye anaweza kupata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, chini ya daktari.

NA SIGARA, BANGI, MIRAA?

Hizi nazo zina arosto yake, ila hazina hatari kama hizo. Mvuta sigara akiacha anakuwa mkali, hatulii, anakula sana, hapati usingizi mzuri. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, na baada ya wiki 3 au 4 mengi yamepita. Mvuta bangi wa kila siku anakosa hamu ya chakula, anakasirika upesi na kuota ndoto za ajabu kwa wiki moja au mbili. Mla miraa au muguka analala sana, anakosa nguvu, anaota ndoto mbaya na kuwa na huzuni kwa siku kadhaa. Hawa wanahitaji uvumilivu wa watu wa nyumbani kuliko dawa.

MAMA MJAMZITO NA MTOTO MCHANGA

Dada mwenye mimba anayetumia unga mara nyingi huambiwa, "Acha leo leo, utamuua mtoto." Lakini kuacha ghafla kunaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibu mimba. Njia salama ni kwenda kliniki akapewe methadoni kwa kipimo cha daktari. Mtoto akizaliwa naye anaweza kuwa na arosto: analia kwa sauti kali isiyotulizika, anatetemeka, hanyonyi vizuri, anaharisha. Mara nyingi dalili hizo huonekana ndani ya siku 3 za kwanza. Zinatibika. Ndiyo maana ni lazima huyo mama ajifungulie hospitali na awaambie wauguzi ukweli. Nasi tunawaomba wauguzi: mkimtukana leo, kesho atazalia nyumbani, na atakayeumia ni mtoto.

WANAOMEZA MOFINI KWA SABABU YA MAUMIVU

Tusije tukamwogopesha mgonjwa wa saratani. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, na huduma nyingine za namna hiyo zimewasaidia wagonjwa wengi kwa mofini ya maji. Tunakutana na familia ambazo humficha mgonjwa dawa hiyo ati "asije akawa teja." Huko ni kumtesa mtu bure.

Kuna tofauti kati ya mwili kuzoea na mtu kuwa mtumwa wa dawa. Mgonjwa wa saratani mwili wake utazoea mofini, na ikikatwa ghafla atapata arosto. Lakini haibi, hadanganyi, haongezi bila kuambiwa. Anaimeza ili aweze kulala na kuongea na wanawe. Mpeni dawa kwa saa zake kama alivyosema daktari, na msiikate wenyewe.

Na yule aliyetumia tramadoli au kodini kwa muda mrefu na sasa jeraha limepona, asiache kwa siku moja wala asizidishe kimya kimya. Arudi kwa daktari wapange kupunguza hatua kwa hatua. Aliyetumia kwa zaidi ya mwaka anaweza kupunguza sehemu moja ya kumi kwa mwezi, au polepole zaidi. Tramadoli ina jambo lake la ziada: ikizidishwa inaweza kuleta degedege.

PWANI TULIKWISHA KUFUNZWA

Mwishoni mwa mwaka 2010 na miezi ya mwanzo ya 2011, unga uliadimika ghafla Mombasa na Malindi. Watu wengi waliingia arosto kwa wakati mmoja. Wengine walijaza pengo hilo kwa vidonge na pombe, ambavyo tumeona hatari yake. Hospitali na mashirika yalilazimika kuwapokea wagonjwa ambao hayakuwa yamejitayarisha kwa ajili yao. Likawa wazi kwamba kuondoa unga mitaani bila kumwandalia mtumiaji matibabu ni nusu ya kazi.

Tanzania ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Hapa Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mwaka 2015 ikafika Malindi na Mombasa. Watu wengine hulalamika kwamba ni kubadilisha dawa kwa dawa. Jambo hilo tulijibu hivi: methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, haimpi mtu ule ulevi wa unga akiwa kwenye kipimo sawa, na arosto haimpati. Hana haja ya kuiba asubuhi, hana haja ya kuchangia sindano, kwa hivyo hatari ya UKIMWI na ugonjwa wa ini inapungua. Anaweza kushika kazi. Wengine hupunguza hadi wakaacha, wengine huitumia kwa miaka. Mgonjwa wa kisukari naye hutumia dawa miaka na miaka, na hatumwiti dhaifu.

FAMILIA IFANYE NINI?

1. Kabla ya kuacha, muulize anatumia nini na nini. Wengi huchanganya unga, pombe na vidonge. Kama kuna pombe nyingi au vidonge, nenda hospitali kwanza. Vivyo hivyo kwa mjamzito, mwenye kifafa, mwenye TB au mwenye ugonjwa wa moyo.

2. Usimfunge kamba wala kumfungia mlango. Kaa naye. Mwenye kufungwa akitoroka hukimbilia maskani.

3. Mpe maji mara kwa mara, kidogo kidogo. Akiharisha au kutapika, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, ukoroge. Uji mwepesi na ndizi pia vinafaa.

4. Maji ya moto ya kuoga, kukandwa miguu na blanketi husaidia. Panadol hupunguza maumivu, lakini mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na mwenye ini bovu amuulize daktari kwanza. Usimnunulie vidonge vya usingizi dukani.

5. Mkimbize hospitali akipata degedege, akichanganyikiwa au kuona visivyokuwapo, akiwa na homa kali, akitapika kila anachokunywa, akikosa mkojo, au akisema anataka kujiua. Maneno hayo ya mwisho msiyachukulie kama vitisho.

6. Pangeni ya siku ya kumi na moja. Atalala wapi, atashinda na nani, atafanya kazi gani? Kumtoa arosto na kumrudisha kwenye maskani ile ile ni kupiga deki huku bomba linavuja.

7. Akianguka tena, msimtupe. Wengi huacha mara mbili, tatu, nne, kabla ya kuacha kabisa.

Ushauri unapatikana pia kwa kupiga simu ya bure ya NACADA, namba 1192. Hospitali ya kaunti itakuelekeza iliko kliniki ya methadoni iliyo karibu.

Mama mmoja alituambia, "Mimi nilidhani mwanangu ananichezea. Nilipojua ni ugonjwa wenye siku zake, nilikaa naye nikizihesabu." Alizihesabu mpaka saba, na ya nane wakaenda kliniki pamoja, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tunaomba kila jumuiya ichague watu wawili watakaoweza kukaa na familia ya namna hii katika usiku ule wa pili na wa tatu, wasaidiane kwa zamu. Uji mnao, blanketi mnayo, na sasa mnajua la kufanya.